Makwana wa Unguja, Makwana wa Muheza

Jumapili, 16 Novemba

Mvua ya leo haina hata nguvu ya kunyesha. Inaning'inia tu hewani, na imenilowesha kutoka Hounslow mpaka hapa Barking bila kutoa sauti. Nimekaa kitandani na koti langu. Hita sijaiwasha. Chakula sijala. Naandika kwa sababu nikikaa kimya nitalia tena, na nimeshalia vya kutosha kwenye treni, mbele ya abiria waliofuata adabu ya mji huu, kila mmoja akaangalia simu yake.

Leo nimemwambia mwanamke wa miaka themanini kwamba kaka yake, aliyemtafuta zaidi ya nusu ya maisha yake, alikufa kabla hata hajaanza kumtafuta.

Na mimi ndiye ninayetembea na jina la huyo kaka.

Jina la ukoo wetu ni Makwana. Kwetu Muheza hakuna aliyewahi kulishangaa. Linasikika kama jina la mtu yeyote wa bara. Mwalimu wangu wa darasa la tatu aliamini sisi ni Wasukuma tuliopotea njia. Jirani mmoja alikuwa akisema babu alikuja na wapigania uhuru kutoka kusini. Babu mwenyewe hakukubali wala kukanusha. Alikuwa fundi cherehani, duka lake lilikuwa pale barabara inapokata kuelekea sokoni, na ubao wa mlangoni uliandikwa K. MAKWANA, FUNDI NGUO. Mpaka leo watu wa Muheza wanapaita pale Kona ya Makwana. Ukimwambia bodaboda "nishushe Makwana," anajua.

Ni huku London ndiko nilikojua kwamba jina langu ni la Wahindi. Nilikuwa na wiki mbili tu kazini hospitalini. Mgonjwa mmoja, mzee wa Kigujarati, akasoma beji yangu kifuani, akanitazama usoni, akaisoma tena.

"Makwana? Mumeo ni mtu wa kwetu?"

"Sina mume, mzee."

Alicheka, akaniambia kuna akina Makwana Wembley, kuna akina Makwana Leicester, na kwao Kathiawar, India, wamejaa. Kuanzia siku ile nikawa naliona kila mahali. Kwenye kibao cha daktari wa meno. Kwenye duka la sari. Kwenye jiwe la mtu aliyechangia ukarabati wa ukumbi fulani. Nilikuwa nalipita kama mtu anayeona nguo yake imevaliwa na mwingine barabarani. Nikimpigia baba simu kumuuliza, alikuwa akisema, "Majina yanafanana, mwanangu," kisha ananiuliza kama kuna baridi.

Nami sikuuliza zaidi.

Mwezi Mei niliandika humu kwenye blogu yangu juu ya Kona ya Makwana, juu ya babu na futi yake ya kupimia shingoni. Siku tatu baadaye, nikiwa kwenye chumba cha mapumziko kazini, nikakuta mtu ameacha maneno chini ya lile andiko. Nayajua kwa moyo. "Mwanangu, huyo Makwana wa Muheza jina lake la mwanzo nani? Hiyo K ni ya nani? Mie nimezaliwa Unguja, nipo Hounslow. Tafadhali nijibu. Namtafuta kaka yangu."

Mimi mwenyewe sikuwahi kujua K ni ya nani. Msikitini babu aliitwa Hemedi. Nilipokuwa mdogo nilidhani K ni Kombo, au Khamisi, jina la baba yake labda. Nikamjibu yule mama kwa ukweli kwamba sijui. Nikamwachia namba yangu. Alipiga kabla sijamaliza chai.

"Kishor," alisema. "Hiyo K ni Kishor. Kaka yangu. Weye mjukuu wa Kishor." Kisha akalia kwa muda mrefu sana, nami nimeshika kikombe.

Ndivyo nilivyompata Bi Hansa.

Jumapili iliyofuata nilikwenda kwake. Nyumba yake iko karibu mno na uwanja wa ndege, hata ndege ikishuka vikombe vinatetemeka kabatini. Amezoea. Huwa anakatiza neno katikati, anasubiri ndege ipite, kisha anaendelea pale pale alipoachia. Amefanya kazi uwanjani hapo miaka mingi, akipanga chakula cha abiria kwenye trei, mpaka magoti yakamshinda. Mumewe alishafariki. Ana binti mmoja, Nila, mzaliwa wa hapa, anayeelewa kila tunachosema lakini anajibu Kiingereza.

Alinifungulia mlango, akanishika mashavu kwa mikono miwili, akanitazama kama mtu anayesoma maandishi madogo.

"Macho," alisema. "Macho ya Kishor haya."

Macho yangu ni ya mama yangu, Mbondei wa Mkuzi. Nilijua hivyo pale pale mlangoni. Sikusema kitu.

Nataka niandike hili bila kujitetea. Tangu siku ile ya kwanza kuna sehemu ndani yangu iliyojua. Babu yangu alikuwa mtu mweusi tii, mrefu, aliyeswali swala tano. Hakuwa na hata ukucha mmoja wa Kihindi. Ningeweza kusema, "Bibi, nadhani kuna makosa." Lakini nina miaka kumi na moja katika nchi hii. Mama yangu alizikwa nikiwa nangoja karatasi zangu zitoke, sikuweza kwenda. Na hapa palikuwa na mtu aliyenibakizia chakula, aliyenivalisha sweta lake, aliyeniita mjukuu wangu mbele ya majirani. Nilikuwa na njaa ya kuitwa hivyo. Nikala.

Bi Hansa alinieleza yote, Jumapili baada ya Jumapili, kwa Kiswahili cha Unguja kitamu ambacho hakijaguswa tangu alipoondoka. Baba yao alikuwa fundi nguo na alifariki mapema. Duka likabaki kwa Kishor, kaka yake mmoja tu. Bi Hansa aliolewa Mombasa, na mwaka uliofuata mama yao akavuka kwenda kumwangalia, kwa kuwa alikuwa na mimba ya kwanza. Kwa hiyo Mapinduzi yalipotokea, wanawake wawili walikuwa Mombasa, na Kishor alikuwa peke yake dukani.

Walikaa majuma mawili bila habari. Mimba ikaharibika katika siku hizo. Kisha ikaja barua. "Mama, mimi mzima. Msije. Mkono wa kulia umeumia, naandika kwa kushoto, ndiyo maana mwandiko ni mbaya. Naandika Kiswahili kwa sababu barua zinafunguliwa, wakiona Kigujarati watashuku."

Mama yao hakujua kusoma Kiswahili. Bi Hansa alimsomea mara tatu. Usiku ule, aliniambia, mama alilala kwa mara ya kwanza.

Barua ziliendelea miaka kumi na saba. Kishor akahamia bara, akafungua duka Muheza. Bi Hansa na mumewe wakahamia London, mama yao pia. Barua zikawafuata. Kila mwaka Bi Hansa alimpelekea rakhi, ule uzi ambao kwao dada humfunga kaka yake mkononi, naye kaka anabaki na wajibu wa kumlinda. Naye kila mwaka alijibu, "Uzi umefika, nimeuvaa." Halafu mama yao akafariki. Bi Hansa akaandika kwamba sasa anataka kuja Muheza na mtoto, amwone kaka yake. Jibu likaja fupi: Kishor anahamia Lusaka kwa kazi, atatuma anwani akifika.

Hakutuma tena.

Ana daftari kubwa lenye jalada jeusi. Ndani yake kuna kila Makwana aliyewahi kumpata. Wa Lusaka, wa Ndola, wa Nairobi, wa Leicester, wa Toronto. Alikuwa akienda maktaba na kunakili majina kutoka vitabu vya simu. Alimpigia kila mmoja. Waliomjibu vibaya kawaandika, waliomjibu vizuri kawaandika, na wote amewakata kwa mstari mmoja ulionyooka. Mstari wa mwisho wa daftari umeandikwa Muheza, na jina langu, na halijakatwa.

"Mwanamke kwetu akiolewa huacha jina," aliniambia. "Jina lilibaki kwa Kishor tu. Nilidhani limekwisha. Kumbe unalo weye."

Alikuwa akiniomba picha ya babu kila nilipokwenda. Nilimwambia zote ziliharibika kwa mafuriko.

Hakukuwa na mafuriko. Picha ilikuwa kwenye simu yangu, mfukoni, kila Jumapili. Babu amesimama mbele ya duka lake, kofia nyeupe, futi shingoni.

Mwishoni mwa Oktoba Bi Hansa alinipokea akiwa amevaa vizuri, na juu ya meza kuna karatasi. Amekata tiketi mbili. Yake na yangu. Desemba, twende Muheza. Nilishamwambia kwamba babu alizikwa Kiislamu, na alilimeza hilo bila kinyongo. "Alibadili dini kwa ajili ya mkewe, si neno. Miye ntachukua udongo wa kaburi lake kidogo, niupeleke penye maji yanayokwenda, nimfanyie ya kwetu. Nimechelewa, lakini ntamfanyia."

Usiku sikulala. Asubuhi nikampigia baba.

"Baba, babu alikuwa Mhindi?"

Nikasikia anapunguza sauti ya redio.

"Babu yako umemwona kwa macho yako," alisema. "Alikuwa Mhindi?"

Nikamweleza habari za Bi Hansa, ambazo nilikuwa nimemficha miezi mitano. Nikasikia anasogeza kiti, anafunga mlango. Akanieleza kile ambacho babu alimweleza yeye mwaka aliofariki.

Babu alikuwa fundi katika duka la akina Makwana Unguja. Alianza kwa baba, akaendelea kwa mwana. Siku ya tatu ya Mapinduzi, Kishor alitoka kutafuta maji. Hakufika mwisho wa uchochoro. Nani alimpiga risasi, babu hakumwona. Alimkuta amelala, akamvuta mpaka ndani ya duka. Juu ya meza ya kukatia palikuwa na kitambaa cheupe cha mashati ya skuli. Akamfunika nacho. Akagonga milango ya Wahindi aliowajua, apate hata mzee mmoja wa kumwelekeza la kufanya, na hakuna aliyefungua, nao walikuwa na haki ya kuogopa. Kuwasha moto mkubwa wa kuchoma maiti, kama ilivyo kwao, siku zile hakukuwezekana. Siku ya pili yake akamchimbia nyuma ya duka, uani, peke yake.

Kisha akakaa kumwandikia mama yake Kishor. Akaandika, akachana. Alijua akimwambia tu, yule mama atapanda meli ya kwanza aje kuchukua mwili wa mwanawe, na hali ilikuwa bado mbaya. Kwa hiyo akaandika kwa jina la Kishor. Msije. Mimi mzima. Alikusudia kusema ukweli mambo yakitulia. Lakini jibu likaja kutoka Mombasa, mwandiko wa Bi Hansa, likisema mama amelala usingizi leo.

"Baada ya hapo," baba alisema, "baba yangu hakujua tena aseme vipi."

Alipovuka kuja bara alikuja na cherehani moja ya duka na lile jina. Barua zilikuwa zinakuja kwa K. Makwana, na posta hawampi mtu barua isiyo yake. Ndipo akaandika ule ubao. Watu wakasoma ubao, wakamwita Makwana. Baba alipoandikishwa shule, mwalimu aliandika Makwana, na babu hakusahihisha. Ndivyo tulivyopata ukoo.

Nikamuuliza baba kuhusu nyuzi. Akasema zipo, ndani ya kopo la biskuti, pamoja na barua zote. Babu alizivaa moja moja, hata baada ya barua kukoma, mpaka zikakatika. Nami nikakumbuka uzi mwekundu mkononi mwake nilipokuwa mdogo. Nilidhani ni uzi wa kazi. Baba anasema sheikh alimsema mara nyingi, naye alikuwa akijibu, "Nimefungwa na dada yangu," basi.

Nimebeba maneno haya wiki tatu. Jumapili mbili nilimwambia Bi Hansa nina shifti. Kwenye wodi nilikuwa nawapima watu presha nikisahau namba kabla ya kuiandika, nawapima tena.

Nilifikiria kunyamaza. Ningeweza kwenda naye, nikamwonyesha kaburi la babu, akachukua udongo wake, akarudi na amani. Nilifikiria hivyo kwa siku nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Kilichonizuia si wema. Ni kwamba juu ya kaburi la babu kuna jiwe, na baba aliliandika jina la kweli: Hemedi bin Salum.

Leo nimekwenda. Nilibadili treni Hammersmith, nikakaa kwenye benchi, nikaacha treni tatu zinipite. Nila alikuwepo, anamsaidia mama yake kupanga sanduku ingawa safari ni mwezi ujao. Ndani mlikuwa na shuka nyeupe, udi, na kibuyu kidogo cha shaba cha kuwekea ule udongo. Jikoni palikuwa na sufuria ya chai ya tangawizi.

"Kaa kitako, mwanangu, umelowa," Bi Hansa alisema. "Wewe unafanya kazi nyingi mno, utaumwa."

Nikatoa simu. Nikafungua ile picha, nikaiweka mezani mbele yake. Sikujua njia nyingine.

Alivaa miwani. Akatazama. Kisha, na hili ndilo siwezi kulisahau, akatabasamu. Uso wake wote ulifunguka.

"Hemedi! Fundi Hemedi huyu! Nila, njoo umwone, huyu ndiye aliyekuwa akinishonea nguo za skuli. Alikuwa akiniwekea mifuko miwili, mmoja wa siri wa kutia ubuyu. Kumbe aliishi! Kumbe walikuwa wote na Kishor huko Muheza!"

"Bibi," nikasema. "Huyu ndiye babu yangu."

Ikapita ndege. Vikombe vikatetemeka. Alisubiri, kama anavyosubiri siku zote, na ilipopita hakuendelea na neno lolote.

"Na Kishor?" aliuliza mwishowe.

Nikamweleza. Nilieleza vibaya, nikianza katikati, nikirudi nyuma. Uchochoro, kitambaa, ua wa nyuma. Nila alikaa chini sakafuni akashika mguu wa mama yake. Bi Hansa hakulia. Alianza kuniuliza maswali kwa sauti ya mtu anayehakikisha orodha.

"Ile barua ya Nila alipozaliwa?"

"Hemedi, Bibi."

"Alipokufa mama? Ile ndefu?"

"Hemedi."

"Ile alosema kaniota niko ufukweni Forodhani, nimevaa gauni la manjano?"

Nikainamisha kichwa kukubali.

"Basi mie sina hata barua moja," alisema.

Alinyanyuka, akaenda akazima jiko. Akasimama pale akinipa mgongo, mkono juu ya mpini wa sufuria.

"Ulijua lini?"

"Wiki tatu."

"Na picha ulikuwa nayo lini?"

Ningeweza kudanganya hapo pia. "Tangu mwanzo, Bibi."

"Usiniite hivyo."

Nilijaribu kusema kwamba babu alimpenda Kishor, kwamba alivaa nyuzi zake. Nilipotaja nyuzi aligeuka. Sijawahi kuona uso ukizeeka mbele yangu namna ile, na kazi yangu ni kukaa na wagonjwa.

"Miaka yote ile nilikuwa namfunga nani?" alisema, lakini hakuwa ananiuliza mimi. Kisha akanitazama sawasawa. "Jina la kaka yangu mlilichukua. Mngalimzika nalo. Nenda sasa. Nenda kwenu."

Nila alinisindikiza mpaka mlangoni. Hakuwa na hasira, na hilo liliniumiza zaidi. Aliniambia kwa Kiingereza kwamba atarudisha tiketi, na kwamba nisije tena mpaka aniite. Nikauliza atamwita lini mtu kama mimi. Akasema hajui.

Njiani nilimpigia baba. Nilitaka angalau jambo moja la kumpelekea Bi Hansa. Nikamuuliza ule ua uko wapi hasa, kama babu alimwonyesha. Akasema ndiyo, walikwenda pamoja mara moja, baba akiwa kijana. Duka lilikuwa limeshabomolewa. Nyuma pamemwagwa zege, pamejengwa ghorofa, na mlinzi aliwafukuza. Babu alisimama ng'ambo ya njia kwa muda, kisha akasema twende.

Kwa hiyo hata udongo haupo.

Nimefika hapa saa kumi na moja, giza limeshaingia. Beji yangu ya kazi iko juu ya meza, karibu na kitabu cha kumbukumbu za shifti. Nimeigeuza isinitazame. Nikienda kubadili jina, nitajiita nani? Zuhura binti Juma Hemedi? Baba ana miaka sitini na tatu, pensheni yake, kitambulisho chake, cheti cha kifo cha mama, vyote vina Makwana. Ile kona Muheza siwezi kuibadili. Watu watashuka pale wakitaja jina la kijana aliyetoka kutafuta maji, na hakuna hata mmoja atakayejua. Nilidhani jina linabeba mtu. Hili limembeba mtu hadi akapotea humo ndani.

Simkasirikii babu. Ningependa kumkasirikia, ingekuwa rahisi. Namwona pale mezani na kalamu, na nguo za watoto wa skuli hazijashonwa, anatafuta neno.

Saa moja kasoro simu ililia. Ujumbe wa Nila, umeandikwa Kiswahili. Hajawahi kuniandikia Kiswahili hata siku moja, kwa hiyo nilijua maneno si yake, ni ya mama yake, naye ameyanakili herufi kwa herufi.

"Mama anauliza. Alipozikwa, kuna mtu alosema neno? Neno lolote, dua yoyote, ya dini yoyote."

Nilimpigia baba. Hajui. Babu hakumwambia, naye hakuuliza. Aliyejua alikuwa mtu mmoja tu.

Niliandika, "Ndiyo, Bibi. Alimsomea dua, akamlilia." Inawezekana kabisa ni kweli. Babu alikuwa mtu wa dua, alisoma hata kabla ya kuanza kukata kitambaa cha mtu. Nikatazama lile neno, Ndiyo. Kidole kilikuwa juu ya kitufe. Angelala leo. Ninajua angelala.

Nikafuta. Nikaandika, "Sijui." Nikatuma.

Wameusoma. Hakuna jibu. Kesho naingia kazini saa moja asubuhi, na sijui kama leo nimetenda haki au nimemnyima mtu mzima kitu cha mwisho alichoomba.